Nne za Mzoefu, mbili za Mgeni: uchambuzi wa kisa cha wakaguzi wawili wa sauti

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda kinachounda mota za umeme. Kituo cha mwisho kabla ya kufungasha kilikuwa na kiti, hedifoni na taa ndogo nyekundu. Mota inabanwa, inawashwa kwa sekunde 8, na mkaguzi anasikiliza mlio wa beringi kupitia maikrofoni iliyogusishwa kwenye ganda. Taa ikizimika anajaza fomu: nzima au mbovu. Pembeni anaandika uhakika wake, kuanzia 1 (nabahatisha) hadi 4 (sina shaka hata kidogo). Nimeficha kila kinachoweza kumtambulisha mtu au mahali, na namba nimezizungusha bila kuvuruga uwiano wake.

Beringi nzima ina mvumo laini usio na kichwa wala mkia. Mbovu ina mkwaruzo mwembamba chini ya mvumo huo, kama punje za mchanga zinazoviringika ndani ya bomba. Ubovu ukiwa mkubwa, hata mpita njia atausikia. Kazi ya mkaguzi iko kwenye ubovu mdogo, ambao sekunde hii unausikia na sekunde inayofuata unajiuliza kama ulisikia kitu.

Mashine ya kupima mtetemo ilikuwepo, ila moja tu, nayo ilikula dakika 10 kwa kila mota. Ndiyo maana masikio yalihitajika.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mmoja nitamwita Mzoefu, mwenye miaka 19 kwenye kazi hiyo. Mwingine ni Mgeni, miezi 7. Ukiwatazama kazini ungedhani unajua nani ni nani. Mzoefu alikuwa anainua kidole sekunde ya pili, taa bado inawaka, na kuandika "nzima, 4". Mgeni alifumba macho, akangoja taa izimike, akashika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena, kisha akaandika "nzima, 2".

Yaliyotokea

Mota thelathini na kitu za wiki moja zilirudishwa na wateja zikiwa zinanguruma. Msimamizi wa zamu hakuhitaji muda kumjua mkosaji. Kwa maneno yake, mtu anayeandika mbili mbili kila siku ni mtu asiyesikia. Akapendekeza Mgeni ahamishiwe kwenye kufungasha.

Fomu zilipotolewa kabatini zikasema vingine. Mota nyingi kati ya hizo zilipitishwa na Mzoefu, tena kwa uhakika wa 4. Mota 12 zilikuwa zimesikilizwa na wote wawili. Kwa mota za namna hiyo msimamizi alikuwa ameweka sheria kwamba wakitofautiana, mwenye namba kubwa ya uhakika ndiye anayesikilizwa. Kwa mizani hiyo Mzoefu alikuwa ameshinda kila mzozo tangu sheria ianze.

Niliitwa hapo. Kabla ya kuwaonyesha fomu, niliwauliza kila mmoja peke yake anakumbuka nini kuhusu zile mota 12. Mzoefu alisema, "Zile zilinisitisha kidogo. Nadhani niliandika tatu." Mgeni alisema alizishuku tangu mwanzo, ila hakutaka kubishana na mzee. Kwenye karatasi, Mzoefu aliandika 4 kwa zote 12, na Mgeni aliziita nzima 9 kati ya hizo.

Hakuna aliyedanganya. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua jambo liliishaje, huona kama alikuwa amelitarajia tangu awali, na hawezi kurudi kwa urahisi kwenye hali yake ya kutojua. Kumbukumbu ya uhakika nayo ni dhaifu, kwa sababu haina sura wala sauti ya kuishikilia. Kama fomu zile zisingekuwepo, kisa hiki kingeamuliwa kwa simulizi mbili zilizotolewa kwa nia njema lakini zisizo sahihi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumzuia msimamizi asimhamishe mtu kabla ya kipimo. Huo ulikuwa mwepesi. Wa pili ndio niliouharibu.

Nilipanga jaribio la mota 200, 100 zikiwa na beringi zenye kasoro tuliyoipima na 100 nzima, zimechanganywa bila mpangilio. Mzoefu alikamata mbovu 84 na kuzisingizia ubovu nzima 16. Mgeni alikamata mbovu 93 na kuzisingizia nzima 31. Kwa hesabu ya darasani, Mzoefu alipata asilimia 84 na Mgeni 81. Msimamizi alitabasamu.

Hesabu ya darasani inachanganya vitu viwili. Nadharia ya ugunduzi wa ishara, ambayo wanasaikolojia waliichukua kutoka kwa wahandisi wa rada miaka ya 1950 na ambayo David Green na John Swets waliikusanya vizuri mwaka 1966, inasema kila mlio unaleta kichwani kiasi fulani cha ushahidi, na kiasi hicho kinayumba. Mota nzima wakati mwingine inasikika mbaya, na mbovu wakati mwingine inasikika safi. Mtu anaweka kizingiti mahali fulani na kusema: kikivuka hapa, naita mbovu. Umbali kati ya makundi mawili ya ushahidi ndio ukali wa sikio. Mahali pa kizingiti ni suala jingine kabisa. Unaweza kuwa na sikio kali na kizingiti kibaya, au kinyume chake.

Nilipotenganisha viwili hivyo, ukali wa Mzoefu ulitoka karibu 2 kwenye kipimo kinachoandikwa d′. Wa Mgeni pia ulitoka karibu 2. Masikio yalilingana. Mgeni alikuwa tu na kizingiti cha chini, akiita mbovu kwa ushahidi mdogo zaidi.

Niliandika ripoti nikiwa na furaha, na ripoti hiyo haikuwa na thamani kwa swali tuliloulizwa. Kwenye mkanda wa uzalishaji, mota mbovu ni kama 2 kati ya 100. Kwenye jaribio langu zilikuwa nusu kwa nusu, na baada ya mota kumi tu wote wawili walishahisi kwamba leo mbovu ni nyingi. Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha mwaka 2005 majaribio ya kutafuta vitu kwenye picha. Kilichotafutwa kikiwepo kwenye nusu ya picha, watu walikikosa takriban asilimia 7 ya mara. Kikiwepo kwenye picha 1 kati ya 100, walikikosa asilimia 30. Ni watu walewale na macho yaleyale. Kitu kikiwa adimu, kizingiti hupanda chenyewe bila mtu kukiamuru. Nilikuwa nimewapima wakaguzi katika kiwanda ambacho hakipo.

Kwa hiyo jaribio la pili tulilificha ndani ya kazi ya kawaida. Wakaguzi waliambiwa, na wakakubali kwa sahihi, kwamba siku zisizotajwa kutapandikizwa mota mbovu. Niliona kuwaficha kabisa kungegharimu imani ambayo tungeihitaji baadaye. Kila mmoja alisikiliza mota zilezile 1,000 peke yake, kisha zote zikapitishwa kwenye mashine ya mtetemo, ambayo ilikesha wiki kadhaa. Tukijumlisha zilizopandikizwa na zilizojitokeza zenyewe, mbovu zilikuwa 20.

Mzoefu alikamata 11, akasingizia 29. Mgeni alikamata 15, akasingizia 88. Mbovu 20 ni chache, mota moja inabeba asilimia 5, kwa hiyo tofauti ya 11 na 15 isishikwe kwa nguvu sana. Hata hivyo picha ililingana na nadharia: ukali ulibaki karibu 2 kwa wote, na vizingiti vyote viwili vilipanda, cha Mzoefu juu zaidi.

Kizingiti sahihi kiko wapi, basi? Hapo saikolojia peke yake haijibu, lazima uulize gharama. Kufungua mota nzima bure kulikula nusu saa ya fundi. Mota mbovu ikimfikia mteja na kurudi, ilikula saa 25 za watu mbalimbali. Kwa mota zile 1,000, makosa ya Mzoefu yalikuwa na thamani ya saa 240 hivi, na ya Mgeni saa 169. Kwa sikio la ukali ule, kizingiti bora kabisa kingefikisha saa 158. Yaani yule aliyetaka kuhamishwa alikuwa karibu na mahali panapotakiwa, na yule wa kuigwa alikuwa mbali. Msimamizi alizipiga hesabu hizo mwenyewe mara mbili kwenye simu yake, kisha akanyamaza.

Hatukumgusa Mgeni. Kutoka 169 hadi 158 ni faida ndogo, na mtu ukimsogeza kizingiti kwa maneno hujui atasimama wapi.

Uhakika wa kila mmoja

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, nikirudi kwenye fomu za jaribio la kwanza.

Mzoefu aliandika 4 mara 171 kati ya 200, na 27 kati ya hizo alikosea. Ni sawa na kupatia asilimia 84, kiwango kilekile alichopata kwa jumla. Nne yake haikukuambia chochote ambacho usingejua bila kuiona. Mgeni aliandika 4 mara 62 tu na kukosea 3. Alipoandika 1, mara 44, alikosea 19. Namba zake zilikuwa zinasema kitu. Mbili zake zile zilizomchukiza msimamizi zilikuwa taarifa ya kweli kuhusu kazi ngumu.

Huu ni uwezo wa pili, tofauti na ukali wa sikio: kujua lini umesikia na lini hukusikia. Watafiti wanaupima kwa kuangalia uhakika unatenganisha vipi majibu sahihi na makosa. Si jambo jipya. Charles Peirce na Joseph Jastrow, miaka ya 1880, walijipima wao wenyewe kwa migandamizo miwili inayokaribiana sana, wakitaja pia uhakika wao. Hata pale walipodai hawana uhakika wowote, walipatia zaidi ya kubahatisha. Moja za Mgeni zilikuwa hivyohivyo: alipatia 25 kati ya 44. Ni chache mno kujengea hoja, ila nilipomwonyesha alishangaa, kwani aliamini pale alikuwa akirusha sarafu.

Nne za Mzoefu zilitoka wapi? Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye mazungumzo ya kituoni. Kila mota aliyoikataa ikifunguliwa na kukutwa mbovu, msimamizi alikuja na kusema kwa sauti, "Mnaona? Mzee hakosei." Mota alizozipitisha hazikufunguliwa, kwa hiyo makosa yake ya kweli hayakumrudia kamwe. Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba shahidi wa uhalifu aliyemchagua mtu asiye sahihi kwenye picha za washukiwa, akiambiwa tu kuwa amemtambua mtuhumiwa, baadaye hudai alikuwa na uhakika mkubwa tangu mwanzo na hata kwamba alimwona vizuri. Miaka 19 ya sifa za namna hiyo inatosha kumwondolea mtu tatu na mbili kwenye kalamu.

Sekunde mbili na sekunde nane

Kuna jambo nililikosa kwa wiki nzima. Mgeni ndiye aliyelitaja, tukiwa tunafunga vifaa: "Lakini mzee anasikiliza sekunde mbili tu."

Roger Ratcliff alipendekeza mwaka 1978, kwenye makala iliyohusu kukumbuka na siyo kusikia, kwamba uamuzi ni mrundikano. Ushahidi unaingia kidogo kidogo ukiyumba, unasogea kuelekea mpaka mmoja kati ya miwili, na ukigusa mpaka umeamua. Ukiisogeza mipaka karibu, unaamua haraka na kukosea zaidi. Kasi ya ushahidi ndiyo ubora wa sikio lenyewe. Baadaye modeli hii ikatumika pia kwa maamuzi ya hisi.

Ukiwatazama wawili hawa kwa jicho hilo, hadithi inageuka tena. Usahihi ulilingana, ila Mzoefu aliufikia kwa sekunde 2 na Mgeni kwa sekunde 8. Kwa hiyo sikio la Mzoefu kwa kila sekunde lilikuwa bora, tena kwa mbali. Alikuwa anaitupa robo tatu ya muda aliopewa. Nilikuwa karibu kuandika kwamba miaka 19 haikumwongezea kitu.

Tukaweka kitufe cha kujibia, kisichokubali jibu kabla taa haijazimika. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, na sababu ilionekana wazi ukikaa pale: sekunde ya pili kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe kikingoja. Uamuzi ulishapita, kilichochelewa ni mkono tu. Wiki ya pili tukaongeza swali kwenye fomu: mkwaruzo, kama upo, ulianza nusu ya kwanza au ya pili? Hilo huwezi kulijibu bila kusikiliza hadi mwisho.

Kumbukumbu ya mota nzima

Bado zile mota thelathini hazikuwa zimeelezwa. Kizingiti cha juu kinaeleza kukosa baadhi, hakielezi kupitisha karibu kundi zima. Daftari la ghala lilionyesha kwamba wiki ile grisi ilibadilishwa, na mvumo wa mota zote ulikuwa umepanda taratibu, siku hadi siku.

Mkaguzi analinganisha mlio na mota nzima iliyoko kichwani. Ile ya kichwani haikai palepale. Harry Hollingworth aliandika mwaka 1910 kuhusu jinsi makadirio ya watu yanavyovutwa kuelekea wastani wa vitu walivyopewa karibuni. Kila mota mpya ilikuwa mbaya kidogo kuliko ya jana, na kila moja ikaivuta kumbukumbu pamoja nayo. Ijumaa, mlio ambao Jumatatu ungekataliwa ulikuwa ndio mlio wa kawaida. Hata Mgeni, mwenye kizingiti cha chini, alipitisha 9 kati ya 12, kwa sababu kizingiti kinapimwa kutoka kwenye kumbukumbu na kumbukumbu yenyewe ilikuwa imehama.

Dawa ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote: rekodi ya mota moja iliyopimwa, inachezwa kwenye hedifoni kila baada ya mota 25.

Matokeo

Baada ya wiki tano tulirudia jaribio la mota 200. Safari hii Mzoefu alikamata 89 na kusingizia 10, ukali wa takriban 2.5. Hatukuwa na mkaguzi asiyepata mabadiliko hayo wa kulinganisha naye, kwa hiyo siwezi kutenganisha mchango wa kusikiliza hadi mwisho, wa rekodi, na wa mazoea ya jaribio lenyewe. Kwenye mkanda, mota zilizorudi zilipungua.

Sheria ya namba kubwa kushinda iliondolewa. Bahador Bahrami na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watu wawili wanaoambiana uhakika wao wanaweza kuamua vizuri kuliko aliye bora kati yao, mradi uwezo wao usipishane sana. Hapa uwezo ulikaribiana, ila nne ya mmoja haikuwa nne ya mwenzake, sawa na kulinganisha futi na mita kwa kutazama tarakimu tu. Sasa wakitofautiana, mota inaenda kwenye mashine.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Fomu za zamani ziliokoa kila kitu. Uhakika ulioandikwa papo hapo, kabla ya mtu kujua matokeo, ulikuwa na thamani ambayo mahojiano yote niliyofanya hayakuwa nayo. Rekodi ya kila mota 25 nayo ilifanya kazi bila kumgombanisha mtu na mtu.

Jaribio la nusu kwa nusu lilikuwa kosa langu, na lilinigharimu wiki tatu. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kumwonyesha Mzoefu hesabu ya nne zake mbele ya zamu nzima. Alisimama, akavua hedifoni, akasema, "Mwanangu, mnanifundisha kusikia?" Ile siku hakuandika namba yoyote. Nilimwendea kesho yake peke yake, nikaanza na sekunde mbili: kwamba anachokisikia kwa mbili, wengine wanakihitaji nane. Karatasi ya wiki, inayoonyesha kwa kila namba alipatia mara ngapi, tulianza kumpa ndani ya bahasha. Tatu zilianza kuonekana wiki ya saba.

Upande wa Mgeni sikuutazama vya kutosha. Baada ya zile hesabu za saa, msimamizi alibadili mtu wa kusifia: "Muulizeni Mgeni, huyu hakosei." Kwenye karatasi ya wiki ya kumi na moja, nne za Mgeni zilikuwa zimefika zaidi ya nusu ya majibu yote, na makosa ndani ya nne hizo yalikuwa yameanza kupanda.